Historia ya mshono: kutoka mtepe wa Lamu hadi boti ya PVC pale Wiyoni

Kwa kawaida hapa tunazungumza kuhusu programu, seva na lugha za kompyuta. Leo naomba tutoke kidogo twende baharini. Msiwe na wasiwasi, kompyuta haiko mbali. Nataka tuangalie historia ya kitu kidogo ambacho hakuna anayekitazama mpaka kiharibike, nacho ni mshono wa chombo. Yaani pale ubao unapokutana na ubao, au kitambaa kinapokutana na kitambaa, na bahari iko upande wa pili inasubiri.

Hoja yangu ni moja tu. Tunapolinganisha vyombo vya zamani na vya leo, huwa tunauliza kipi kina nguvu zaidi. Swali hilo si baya, lakini linaficha swali kubwa zaidi: mshono ukifunguka, nani anaweza kuufunga tena, kwa kutumia nini, na hicho kitu anakipata wapi? Ukiisoma historia ya vyombo vya Lamu kwa swali hili, utaiona tofauti kabisa.

SWALI LILILOTOKA WIYONI

Kwa wasiopajua, Wiyoni iko Kisiwa cha Lamu, kisiwa kilekile chenye Mji wa Kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Ami yangu anaishi huko. Yeye na wavuvi wenzake wanne walinunua boti ya kujaza upepo, ya PVC, ikiwa imeshatumika. Urefu wake ni kama mita nne. Wanaitumia kupeleka nyavu na barafu kwenye mashua yao inapokuwa imetia nanga mbali na pwani.

Mshono wa bomba la kushoto ukaanza kubanduka karibu na ubao wa nyuma unaoshika mashine. Mmoja wao akaupaka gundi ya fundi viatu. Ukashika wiki chache, ukaachia. Wakapaka tena, ukaachia tena. Mara ya tatu uliachia wakiwa majini. Bahati nzuri boti hizi zina vyumba vya hewa zaidi ya kimoja, kwa hiyo walirudi wameegemea upande mmoja lakini walirudi. Baada ya hapo wawili kati yao wakasema hawapandi tena. Wengine wakasema fedha zao haziwezi kutupwa jalalani. Ugomvi ukawa mkubwa, nami nikapigiwa simu, kwa sababu katika ukoo wetu mtu aliyesomea kompyuta huhesabiwa kuwa anajua kila kitu chenye maelekezo ya Kiingereza :-)

Nilianza kwa kusoma kuhusu gundi. Nikajikuta nimerudi nyuma miaka elfu mbili. Haya, twendeni.

ENZI YA KAMBA

Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinazungumzia pwani yetu. Kinautaja mji wa soko ulioitwa Rhapta, na kinasema jina hilo lilitokana na vyombo vya kushonwa vilivyokuwa huko. Kwa Kigiriki neno hilo linahusu kushona. Fikiria: mji mzima wa pwani ya Afrika Mashariki unajulikana kwa wageni kwa jina la mshono!

Mrithi wa vyombo hivyo kwetu ni mtepe, chombo maarufu cha visiwa vya Lamu. Mtepe haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zilitobolewa matundu kando kando, zikashonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na matundu yakazibwa. Tanga lake lilikuwa la mraba, la mkeka. Omo yake ilirefuka mbele kama shingo, na wazee husimulia kwamba ilifanywa hivyo kwa kumkumbuka ngamia wa Mtume. Mtepe ulibeba mizigo ya pwani, hasa boriti za mikoko kutoka Lamu.

Kwa nini kamba badala ya msumari? Wageni walibishana sana juu ya jambo hili. Kulikuwa na hadithi kwamba katika Bahari ya Hindi kuna miamba ya sumaku inayong'oa misumari. Procopius, mwanahistoria wa karne ya 6, aliikataa hadithi hiyo kwa hoja ambayo mtu yeyote wa kompyuta ataipenda: meli za Warumi zenye chuma kingi zinapita kwenye maji yaleyale na hakuna kinachozipata. Huo ni ushahidi wa majaribio, ndugu zangu, miaka 1,500 iliyopita.

Marco Polo aliviona vyombo vya kushonwa huko Hormuz mwishoni mwa karne ya 13, akaviponda kabisa. Alisema ni vibovu na vingi hupotea. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, alikuwa na maoni mengine. Yeye alieleza kwamba bahari hii ina miamba mingi, na chombo cha misumari kikigonga mwamba huvunjika, lakini cha kamba kina ulegevu fulani, kwa hiyo hakisambaratiki.

Nani alikuwa sahihi? Nadhani wote wawili. Mshono wa kamba huvuja. Ndani ya chombo cha kushonwa, kufua maji ni kazi ya kila siku, na upo wa kufulia maji ni kifaa muhimu kama tanga. Lakini mshono huo hupinda bila kukatika, na kwa chombo kinachoingia kwenye vijito vya mikoko na kukaa juu ya tope maji yakitoka, hilo ni jambo kubwa.

Sasa rudi kwenye swali letu. Mshono wa mtepe ukichoka, unahitaji nini? Unahitaji nazi. Makumbi unayaloweka, unayapiga, unapata usumba, unasokota kamba. Unahitaji pia kitu cha kutobolea na mikono inayojua kazi. Vyote viko pwani hapohapo. Hakuna duka lolote duniani likifungwa ambalo litakuzuia kushona mtepe wako.

Msidhani ni kazi rahisi lakini. Mwaka 1980 Tim Severin alijengesha jahazi la kushonwa pale Sur, Oman, akaliita Sohar, akasafiri nalo mpaka China. Kamba ya nazi iliyotumika ilikuwa kama kilomita 640. Mwaka 2010 chombo kingine cha kushonwa kilichojengwa Oman, Jewel of Muscat, kilisafiri mpaka Singapore. Hicho kilifuata mfano wa meli ya karne ya 9 iliyogunduliwa mwaka 1998 chini ya bahari karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Katika mbao za meli hiyo ya kale kulikuwa na mbao za Afzelia, jamii moja na mbambakofi wetu. Kwa hiyo mshono wa kamba umevuka bahari kuu, tena ukiwa na mbao za Afrika.

ENZI YA MSUMARI NA KALAFATI

Vasco da Gama alipopita pwani hii mwaka 1498, watu wake waliandika kwa mshangao kuhusu vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba. Karne zilizofuata misumari ilienea pole pole. Cha kushangaza ni jinsi mtepe ulivyochelewa kufa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mitepe bado ilikuwa inasafiri kutoka Lamu, karne nne baada ya Wareno kufika! James Hornell aliandika makala kuhusu mtepe wa Lamu mwaka 1941, na A.H.J. Prins akatoa kitabu chake kuhusu vyombo na mabaharia wa Lamu mwaka 1965. Lakini wakati Prins anaandika, kazi ya mtepe ilikuwa imeshachukuliwa na majahazi ya misumari.

Jahazi lina mshono wa aina nyingine. Msumari unaushika ubao kwenye mataruma, lakini msumari hauzuii maji. Kinachozuia maji ni kalafati: pamba inayolowekwa mafuta, kisha inapigwa kwa patasi butu na nyundo mpaka iingie yote katika ufa. Mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, na chini ya maji hupakwa deheni ya shahamu na chokaa. Neno kalafati lenyewe limesafiri kuliko majahazi: liko katika Kiarabu, Kituruki, Kireno na Kiitaliano.

Kitu kimoja kizuri kuhusu mshono huu ni kwamba maji yanausaidia. Ubao ukilowa unavimba na kuibana pamba. Jahazi likikaa juani muda mrefu, mbao hukauka na mishono hufunguka, ndiyo maana chombo kikishushwa baada ya kukaa pwani huvuja kwa siku za mwanzo kisha hutulia. Mshono unajifunga wenyewe. Sisi waandishi wa programu tungelipa fedha nyingi kupata hitilafu za aina hiyo.

Vifaa vya kalafati vinatoka mbali zaidi kidogo. Msumari ni wa kiwandani, pamba ni ya dukani. Hata hivyo ni vitu vya kawaida ambavyo haviozi haraka, na fundi wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi hapo hapo kisiwani Lamu, anaweza kukuonyesha kazi yote kwa asubuhi moja. Kuijua vizuri ni miaka, lakini kuiona ni asubuhi moja.

ENZI YA MPIRA

Hapa ndipo tunaposogea mbali na pwani, kwa sababu mshono wa gundi haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1823 Charles Macintosh, huko Scotland, alipata hataza ya kitambaa kisichopitisha maji, chenye mpira katikati ya tabaka mbili. Miaka ya 1840 Peter Halkett, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akatumia kitambaa cha namna hiyo kutengeneza koti ambalo ukilijaza upepo linakuwa boti! John Rae alitumia boti ya Halkett katika safari zake kaskazini mwa Kanada. Tatizo la mpira wa wakati ule lilikuwa joto: ukipata jua unanata, ukipata baridi unakakamaa. Charles Goodyear alitatua hilo mwaka 1839 kwa kuupika mpira pamoja na salfa.

Mtu wa Afrika Mashariki hawezi kupita hapa bila kusimama. Mpira huo ulitoka wapi? Baada ya John Dunlop kutengeneza tairi la upepo mwaka 1888, dunia ilitaka mpira kwa pupa. Katika Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold, kuanzia 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kwa mtutu kukusanya utomvu wa mimea ya porini inayotambaa, na waliokosa kufikisha kiwango waliuawa au kukatwa mikono. Mshono mzuri wa mwanzo wa boti za upepo una damu ndani yake, nasi tunapaswa kulijua hilo.

Boti ya upepo ya leo ilianzia Ufaransa. Kampuni ya Zodiac ilikuwa inatengeneza puto za kuruka angani, na ujuzi wa kuunganisha vitambaa vya kushika hewa ulihamia baharini katika miaka ya 1930 kupitia mhandisi Pierre Debroutelle. Mwaka 1952 daktari Alain Bombard alivuka Bahari ya Atlantiki peke yake ndani ya boti ya namna hiyo, kutoka visiwa vya Kanari tarehe 19 Oktoba hadi Barbados tarehe 23 Desemba. Siku 65 juu ya mishono ya gundi! Baada ya hapo hakuna aliyezicheka tena boti za upepo.

PVC, PLASTIKI ILIYOTOKANA NA KUTAFUTA GUNDI

Sasa tufike kwenye kitambaa cha boti ya ami. PVC, au polivinili kloridi, ilionwa na Eugen Baumann mwaka 1872, lakini ilikuwa ngumu na haikuwa na kazi. Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa B.F. Goodrich huko Akron, Ohio, alikuwa anatafuta kitu cha kugandisha mpira kwenye chuma. Gundi, kwa maneno mengine. Aliichemsha PVC ndani ya kiyeyushi, akapata kitu laini kinachopinda, ambacho hakikufaa kuwa gundi hata kidogo. Ndiyo PVC laini tunayoijua leo: makoti ya mvua, nyaya za umeme, na boti.

Kinachoifanya PVC kuwa laini ni vilainishi vilivyochanganywa ndani yake. Vilainishi hivyo havikufungwa na kitu chochote, kwa hiyo miaka ikienda vinatembea. Vinatoka ndani ya kitambaa na kuingia katika kitu chochote kilichobandikwa juu yake, pamoja na gundi. Gundi ya fundi viatu kwa kawaida ni ya neoprini. Vilainishi vikiingia ndani yake, inageuka ute. Hapo ndipo niliposimama nikacheka peke yangu: kumbe ile gundi ya Wiyoni haikushindwa kwa sababu ilipakwa vibaya. Ilishika kweli, kisha boti yenyewe ikaiyeyusha pole pole kutoka ndani.

Gundi inayostahimili vilainishi ni ya poliurethani, kemia iliyoanzishwa na Otto Bayer na wenzake huko Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Inauzwa kwa sehemu mbili: gundi yenyewe na kigumishi cha isosianeti. Zikichanganywa zinaanza kufungamana zenyewe kwa zenyewe, na hapo vilainishi havina nafasi ya kuziharibu kirahisi. (Kuna pia boti za Hypalon, mpira uliotolewa na DuPont mwaka 1951. Kampuni hiyo iliacha kuutengeneza mwaka 2010, ila wengine wanatengeneza mpira wa aina hiyo. Gundi yake na viyeyushi vyake ni vingine. Usichanganye.)

HESABU KIDOGO

Kwa nini mshono unaachia? Tufanye hesabu, ni raha yetu.

Chukua bomba lenye kipenyo cha sentimita 40, lililojazwa mpaka baa 0.25 juu ya hewa ya nje. Mvutano kwenye kitambaa ni shinikizo mara nusu ya kipenyo: paskali 25,000 mara mita 0.2, unapata nyutoni 5,000 kwa kila mita. Yaani kila sentimita moja ya mshono inavutwa na uzito wa kama kilo 5, usiku na mchana.

Sasa iache boti juani Lamu. Umejaza asubuhi hewa ikiwa nyuzi 25. Mchana hewa ya ndani inafika nyuzi 50. Tukichukulia kwamba bomba halipanuki, shinikizo linatoka baa 0.25 mpaka karibu baa 0.35. Ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40, na hakuna mtu aliyegusa pampu. Wakati huohuo joto limeilainisha gundi. Ndiyo sababu boti nyingi huachia mishono zikiwa zimekaa tu pwani!

Jambo la pili ni mwelekeo wa nguvu. Vitambaa viwili vilivyolaliana vikivutwa kila kimoja upande wake, eneo lote la gundi linashika kwa pamoja na mshono una nguvu sana. Lakini ncha ikiinuka kidogo, nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba, kama unavyobandua lebo ya chupa kwa kuanzia pembeni. Mshono wa gundi unashinda mvuto, unashindwa na kubanduliwa. Mtepe ulikuwa na tabia tofauti: uzi mmoja ukikatika, wa jirani unaendelea kushika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa boti ya PVC, ncha iliyoinuka sentimita moja ndiyo ufa wenyewe.

JINSI KAZI INAVYOFANYWA

Nawapa hatua kwa kifupi, ila maelekezo ya kopo lako ndiyo ya kufuata:

1. Toa hewa yote. Usibandike boti ikiwa imejaa.
2. Ondoa gundi ya zamani yote kwa hewa ya moto na kwa kusugua. Gundi mpya juu ya gundi mbovu ni kazi bure.
3. Futa pande zote mbili kwa methili ethili ketoni (MEK) na kitambaa safi. Inawaka moto haraka na mvuke wake ni mbaya. Milango wazi, hakuna sigara, vaa glavu. Kigumishi nacho ni hatari kwa mapafu.
4. Changanya kigumishi kwa kipimo, mara nyingi karibu asilimia 5 ya gundi. Pima, usikisie.
5. Paka tabaka nyembamba pande zote mbili, subiri ikauke, paka la pili, subiri mpaka liwe linanata bila kulowesha kidole.
6. Kutanisha pande, bonyeza kwa nguvu kutoka katikati kwenda nje ili hewa isibaki ndani.
7. Usijaze upepo kwa angalau saa 24. Ukiweza subiri siku tatu.

Tatizo letu la pwani liko katika hatua ya 5. Isosianeti hupenda maji. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kigumishi kinaungana na maji ya hewani badala ya kuungana na gundi, na kiyeyushi kikikauka haraka kinapoza kitambaa mpaka umande unakaa juu yake. Watengenezaji wengi wanataka unyevu uwe chini ya asilimia 60 au 70. Pwani yetu mara nyingi iko juu ya hapo. Jahazi lilisaidiwa na maji. Mshono huu maji ndiyo adui yake hata kabla haujafika baharini.

TULIVYOFANYA

Tulisubiri kaskazi, Januari, mvua zikiwa mbali. Gundi iliagizwa kutoka Mombasa na kuja na basi. Mimi nilileta kihisio kidogo cha unyevu kilichounganishwa na bodi ya Arduino, tukakiacha siku kadhaa katika chumba ambamo kazi ingefanyika. Kilichotokea si ajabu, ila kilituondolea ubishi: hewa ilikuwa kavu zaidi kama saa nane mchana, na mbaya kabisa alfajiri, saa ambayo wao walikuwa wanapenda kufanya kazi kwa sababu ya ubaridi.

Wakati nachanganya, ami alilisoma kopo.

"Mwanangu, hii tarehe ni ya nini?"

"Ni ya mwisho wa kutumika, ami. Ikipita hiyo haishiki vizuri."

"Na hii nusu itakayobaki?"

"Ukishafungua, hewa inaingia. Kigumishi kitaharibika."

Akanyamaza kidogo. "Basi chombo changu kina maisha ya kopo," akasema. "Babu yako alikuwa na kamba."

Mshono umeshika, na wale wawili wamerudi kazini, ingawa mmoja wao huugusa mshono kwa kidole kila asubuhi kabla ya kupanda. Simlaumu. Boti sasa haiachwi juani ikiwa imejaa, na ina turubai. Lakini nusu ya kopo iliyobaki iliganda, kama nilivyosema. Mara ijayo lazima kopo jipya, basi jipya, fedha mpya.

Ingetupwa ingekuwaje? Mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar, kama kilomita 500. Mafundi walizikata na kuzipiga randa mbao za plastiki kana kwamba ni mti. Najivunia kazi ile. Lakini PVC haifai kuyeyushwa pamoja na plastiki nyingine, kwa sababu ikipata joto kali inatoa gesi ya asidi. Kwa hiyo boti ya PVC isiyorekebishika haiwezi kuwa hata jahazi la plastiki. Inabaki kuwa taka pwani, na mifuko ya watu watano imetoboka.

KWA HIYO?

Sisemi turudi kwenye mtepe. Sina hamu ya kufua maji usiku kucha, na boti ya PVC inabebwa na watu wawili, jambo ambalo mtepe haukuweza kamwe. Ninachosema ni kwamba kila aina ya mshono ina orodha ya vitu inavyotegemea, kama programu inavyotegemea maktaba zilizoandikwa na wengine. Mtepe ulitegemea mnazi. Jahazi linategemea msumari na pamba. Boti ya PVC inategemea viwanda vya kemia, tarehe kwenye kopo, na hewa kavu. Nguvu iliongezeka kila hatua, lakini uwezo wa kurekebisha ulihama kutoka mikononi mwa mvuvi.

Tumeshaliona jambo hili katika kompyuta. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, watu walifurahia Kiswahili, nami pia. Kubwa zaidi ni kwamba ilikuwa programu huria: msimbo ulikuwa wazi, na ndiyo maana watu wa Dar waliweza kuibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Programu iliyofungwa inaweza kuwa nzuri kuliko zote, lakini mshono wake ukifunguka, wewe unasubiri.

Kwa hiyo kikundi chochote cha wavuvi kikitaka kununua boti ya upepo, au shirika likitaka kuwapa msaada wa boti, ningeomba maswali haya yaulizwe kabla ya bei. Kitambaa ni PVC au ni mpira wa aina ya Hypalon? Mishono imebandikwa kwa gundi au imechomelewa kwa joto? Gundi yake inapatikana wapi karibu, na inaharibika lini? Na nani hapa kijijini atafundishwa kuitumia, kwa Kiswahili, kabla mshono wa kwanza haujafunguka? Swali la mwisho ndilo la gharama ndogo kuliko yote, nalo ndilo halijaulizwa na yeyote niliyekutana naye.

Hatua saba za hapo juu nimeshazichapisha, zikatiwa kwenye plastiki na kutundikwa ukutani pale Wiyoni. Ninyi mlio Faza, Kizingitini, Shimoni, Pemba au Mafia, chukueni, chapisheni, badilisheni. Ni huria.

Mpaka wakati mwingine, bahari iwe shwari.